Kiti Kilichogoma Kurudi Nyuma

Siku ile mpumbavu alikuwa yeye. Tuliseme mapema tulimalize, maana hata mwenyewe siku hizi, ukimkuta ametulia, atakuambia hivyo kabla hujapata pa kukaa. Atacheka, atakuna kisogo, kisha atakimbilia habari nyingine. Sisi hatukimbii. Tunataka kumwona alivyopanda ngazi iliyooza, kidato kwa kidato, huku watu wazima wenye akili zao wakimwambia shuka.

Walimwita Kipimo kwa sababu hakugusa gari kabla ya kulipima, na akishapima hupima tena, kama mwenye nyumba anayehesabu vijiko wageni wakiondoka. Kazi yake ilikuwa moja: kunyoosha fremu. Wako wa kupaka rangi, wako wa kufunga injini; yeye aliletewa magari yaliyopinda mifupa. "Uso wa gari unaweza kupakwa poda," alipenda kusema, "lakini mifupa haijui kuongopa." Alikuwa na nyuzi zake, timazi zake za shaba, na sikio lililosikia chuma kikianza kulalamika kabla mtu mwingine hajasikia lolote.

Kwa Sindano, lakini, hakuwahi kupima. Alipenda tu, bila uzi wala timazi.

Sindano alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye macho ambayo yakikutazama unajikuta unapapasa shati kutafuta kifungo kilichokatika. Walikuwa wamekwisha kupatana kila kitu, mpaka upande wa kitanda ambao kila mmoja angelala. Kilichobaki kilikuwa neno la mama yake, na mama yake alilikalia neno hilo kama kuku anayeatamia.

Mama alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mfupi kama binti yake, na nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumjibu. "Mimi nimenawa kwa sabuni maisha yangu yote," alimwambia Kipimo mara ya kwanza alipokwenda kujieleza. "Leo binti yangu nimpe mtu anayenawa kwa mafuta ya taa?" Mara zilizofuata hakukataa wala hakukubali. Kila Kipimo akifika, Mama alikuwa akifunga kilemba mbele ya kioo. "Leo nina miadi ya jino, baba. Tutaongea." Jino lile lilikuwa na miadi mingi kuliko bibi harusi.

Mambo yakiwa hapo ndipo gari lile lilipoletwa karakana, limebebwa mgongoni mwa lori kama mgonjwa.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili, rangi ya damu ya mzee, limelala chini kama paka anayenyemelea. Kipimo aliposimama mbele yake alisahau hata kusalimia. Taa mbili za mviringo, boneti ndefu yenye kiuno. Lakini upande wa kulia uso ulikuwa umesinyaa: madigadi imejikunja, bampa imening'inia, na taa ya kulia inatazama mbinguni.

Mwenye gari alikuja nyuma ya lori kwa gari lake jingine, la kila siku. Daktari wa meno. Mrefu kama nguzo ya umeme, mvi zimekaa juu ya masikio kwa adabu, vidole safi, manukato ya bei mbaya. Alipotabasamu, Gesi, mchomeleaji na mshirika wa Kipimo, aliinua mkono kukinga macho.

"Nilikuwa nakwepa mbwa," Daktari alieleza. "Nikafunga breki kwa nguvu, likateleza, likaingia kwenye nguzo ya geti."

"Geti la nani?" Kipimo aliuliza.

"La... nyumba moja tu."

"Na mbwa yuko salama?" Gesi aliuliza.

"Mbwa gani?" Daktari akasema.

Gesi akamtazama Kipimo. Kipimo akatazama chini ya gari. Hapakuwa na haja ya kubishana na mtu mzima aliyevaa tai.

Daktari alipoondoka, Kipimo alilala chali, akaingia chini ya pua ya gari na taa ya mkononi. Mguu wa kulia wa fremu ulikuwa umerudi nyuma na kuingia ndani, na boriti inayounganisha miguu miwili imepigwa kidevuni, kwa chini. Akatoka polepole.

"Huyu kaongopa," alimwambia Gesi. "Gari likifunga breki linainamisha pua. Lingepigwa juu, kwenye paji. Hili limepigwa kidevuni, kama mtu aliyeinua uso. Aliyeendesha hakugusa breki. Alikanyaga mafuta."

"Labda mbwa ndiye aliyeendesha," Gesi alisema.

Kipimo hakucheka. Alikuwa amefungua mlango wa dereva, na hapo ndipo ngazi ilipoanza kuoza. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, karibu kibusu usukani. Akavuta kishikio ili akirudishe nyuma. Kiti kikagoma. Akachungulia: pigo lile lilikuwa limekunja sakafu, na mkunjo ule umeibana reli ya kiti kama koleo. Maana yake ilikuwa wazi kwa mtu wa kazi yake. Pale kiti kilipo sasa ndipo kilipokuwa gari lilipogonga.

"Gesi, mwite Daktari arudi akae hapa, magoti atayaweka wapi? Masikioni?"

"Basi aliendesha mtu mfupi."

"Mfupi sana."

"Mwanamke," Gesi alisema, akiionja habari kama mchuzi. "Daktari ana mtoto mzuri mahali, anamfundisha gari. Haya, mapenzi ya wazee hayo. Tuombe uzima tufike."

Kipimo alikuwa anacheka naye, jamani, anacheka kabisa, mpaka mkono wake ulipoingia chini ya kiti na kutoka na mto. Mto mdogo, wa kumwinua dereva mfupi aone barabara. Wa kijani, umezungushiwa utepe wa njano. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Kitambaa kile alikijua. Kilikuwa kitambaa cha pazia la chumba chake mwenyewe, lile ambalo Sindano alimshonea. Akageuza mto, akatazama kona. Mishono midogo iliyopishana, kama miguu ya ndege. Katika mtaa mzima aliyefunga kona namna ile alikuwa mmoja.

"Vipi?" Gesi aliuliza. "Umeona nyoka?"

"Hapana," Kipimo alisema, akauficha mto kwapani. "Nimejikata kidogo."

Na kweli, alikuwa amejikata, ila si mkono.

Mchana Sindano alikuja, kama alivyozoea, na ovaroli ya Kipimo aliyokuwa ameichukua kuitia kiraka kiwikoni. Aliingia akiimba chini chini. Akaliona gari. Wimbo ukakatika, mkono ukaenda mdomoni.

"Mungu wangu! Kumbe ndivyo lilivyoumia!"

Kipimo aliweka spana chini taratibu. "Kumbe ulijua limeumia?"

"Nani, mimi?" Sindano alikunja ovaroli ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Si naliona hapa? Nasema tu."

"Unalijua gari hili?"

"Mtaa mzima unalijua. Linapita likinguruma."

Angekuwa mtu mwenye bahati, mambo yangeishia hapo. Lakini wivu hauji peke yake, huja na mashahidi. Wakati uleule Daktari akaingia getini kuleta ufunguo wa akiba. Alipomwona Sindano uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyemkuta ndugu ugenini. Akamwashiria. Sindano akamfuata mpaka kando ya geti. Kipimo alijifanya anapanga nyuzi zake, lakini jicho lilikuwa kule. Aliona Daktari akiinama, maana alilazimika kuinama, akinong'ona. Aliona Sindano akitikisa kichwa, kisha akicheka kicheko kifupi na kutazama nyuma kwa wasiwasi. Halafu akaona kile ambacho hatakisahau: kidole cha Daktari, kirefu, kisafi, kikisimama juu ya midomo. Usiseme. Na Sindano akaitikia.

Damu ilimpanda Kipimo mpaka akasikia ladha ya chuma ulimini. Akilini alimwona Sindano ndani ya gari lile, amekaa juu ya mto wa pazia lao. Aliuona mguu wake mdogo ukitafuta kikanyagio, na mkono wa yule mrefu ukiufunika mkono wake juu ya gia: hapa, mpenzi, taratibu, usiogope. Mkono usiojua mafuta ya taa ni nini.

Sindano aliporudi alimkuta amesimama na mto mkononi.

"Huu ni wa nani?"

Sindano aliutazama, akamtazama. Yale macho yake, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yalikwepa. "Umeutoa wapi?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Nimeushona mimi."

"Hilo nalijua. Kona zako nazijua kuliko kona za nyumba yetu. Nauliza ni wa nani."

"Kipimo, hilo siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Si siri yangu."

"Siri! Kwa hiyo ipo!" Akageuka kumtafuta Gesi, kama mtu aliyeshinda kesi. Gesi alikuwa amevaa miwani yake ya kuchomelea na hakuwa anachomelea chochote. "Ni wewe uliyekuwa unaendesha gari la Daktari?"

"Si mimi."

"Kiti kimebanwa pale pale. Mtu wa kimo chako."

"Wafupi tuko wengi, Mungu hakuniumba peke yangu. Nimesema si mimi."

"Basi ni nani?"

"Kipimo." Sauti ya Sindano ilishuka. Alimsogelea, akamshika ukosi, vidole vyake vyenye vijitundu vya sindano vikigusa shingo yake, na kama angekuwa na akili angeyeyuka hapo hapo. "Nitazame. Nimekwambia si mimi. Nivumilie kidogo tu, aliyenifunga mdomo atanifungua. Huwezi kunivumilia?"

Machozi yalikuwa yamesimama machoni mwake, hayajaamua kushuka.

Na yeye, mwanamume mzima, mwenye timazi za shaba, akasema nini? Akasema, "Pazia langu! Umemshonea kwa pazia langu!"

Sindano aliuachia ukosi. Akaiweka ovaroli juu ya boneti, akaunyoosha mkunjo kwa kiganja, akaondoka bila kugeuka.

"Umefanya vizuri," Gesi alisema kutoka nyuma ya miwani. "Sasa tafuta mwanamke asiyejua kushona kabisa, mwende uchi wote wawili."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Gari hili linaondoka leo."

Gesi akavua miwani. "Leo? Fremu imepinda pande mbili, sakafu imekunjamana, unasema leo?"

"Sitaki kuliona. Sitaki mwenyewe apate sababu ya kukanyaga hapa. Funga mnyororo."

Sasa, wasomaji wangu msiojua kazi hii, sikilizeni kidogo, maana bila hili hamtaujua uzito wa ujinga wake. Fremu haivutwi kama ng'ombe. Unalifunga gari chini lisiende popote, unaushika mguu uliopinda kwa mnyororo, unavuta kwa jeki, kidogo. Unaacha pale pale. Unakigonga chuma kwa nyundo, taratibu, kukiliwaza. Unaachia. Chuma kinarudi nyuma, maana chuma kina kinyongo, hakikubali kusamehe mara moja. Unapima pembe kwa pembe, unavuta tena. Kipimo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine: ukivuta kwa papara, chuma hakinyooki, kinapasuka.

Alisukuma mkono wa jeki. Mnyororo ukanyooka, ukakaza. Akasukuma tena. Kila msukumo aliona kidole juu ya midomo.

"Pumzisha," Gesi alisema.

Akasukuma.

"Kipimo, kimelia. Achia."

"Sijasikia."

"Wewe? Hujasikia?" Gesi alirudi nyuma hatua. "Basi mimi nasimama huku."

Mlio ulipotoka haukuwa mkubwa. Ta! Kama fundo la kidole. Kipimo alifumba macho, akajua kabla ya kutazama. Sikio la fremu, kile kipande kinachoushikilia mkono wa tairi la mbele, kilikuwa kimechanika kutoka mzizini. Kwa gari la umri ule hakuna duka litakalokuuzia kipande hicho. Kinachongwa kwa mkono, kinachomelewa kidogo kidogo, kinaachwa kipoe, kinapimwa, kinarudiwa. Wiki kadhaa, na mtu asikusemeshe.

Ndiyo hivyo. Aliyetaka gari liondoke leo alikuwa amelifunga nanga yeye mwenyewe. Na mwenye gari sasa angekuwa na sababu ya kuja kila siku iendayo kwa Mungu, na meno yake.

Gesi hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alipita tu kidole juu ya ufa. "Naweza kuushona juu juu," alisema. "Tukipaka rangi nyeusi hakuna atakayeona. Linaondoka kesho, kama ulivyotaka."

Kipimo aliutazama ufa ule kwa muda. Wivu ulimwambia ndiyo. Ulimwambia tena: ndiyo, na likikatika barabarani, shauri yake. Akashtuka kuisikia sauti ile ndani ya kifua chake mwenyewe, kama mtu anayekuta mgeni asiyemjua amekaa sebuleni.

"Hapana," alisema. "Mtu ataendesha hili."

Akapiga simu. "Daktari, nimeipasua fremu yako. Si gari, ni mimi, nilivuta kwa papara. Nitaitengeneza ipasavyo, itachukua wiki kadhaa. Na jambo la pili. Hukuendesha wewe. Kiti kimeniambia. Njoo, uje na aliyekuwa anaendesha. Nataka nimwone kwa macho yangu."

Simuni ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Sawa, fundi," Daktari alisema hatimaye. "Nitakuja naye kesho asubuhi."

Asubuhi hiyo Kipimo alivaa ile ovaroli yenye kiraka kipya. Sijui kwa nini. Labda mtu anayekwenda kuumizwa hupenda kuvaa nguo iliyoguswa na anayemuumiza. Alisimama kando ya gari la damu ya mzee, mto wa kijani juu ya benchi kama kizibiti mahakamani.

Gari la Daktari likaingia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akashuka Sindano.

Ni yeye, basi. Ni kweli.

Kisha Daktari akazunguka upesi kufungua mlango wa mbele, akanyoosha mkono, na mkononi mwake akashuka Mama. Kilemba kipya, viatu vya kutokea, pochi kifuani.

Je, Kipimo alielewa? Thubutu! Alichokiona yeye ni kwamba wamemleta na Mama. Kwamba posa ya Daktari imeshapita mlango wa mbele, imekaribishwa, imekalishwa, na sasa familia nzima imekuja kumwambia fundi wa mafuta ya taa aondoke kwa heshima. Mdomo ukamtangulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Tumekuja..."

"Najua mlichokuja kusema, Mama, na sitakuzuia. Lakini kwanza ujue mambo yanayofanyika nyuma yako. Huyu Daktari unayemshika mkono anamfundisha binti yako kuendesha gari kwa siri. Gari limegonga, wamekuja hapa kuniletea habari za mbwa. Mbwa hayupo! Kiti hiki hapa, kimebanwa kwa kimo cha binti yako. Na mto huu, tazama kona, ameushona kwa mkono wake, kwa pazia langu. Mimi ni mtu wa grisi, sawa. Lakini mimi sijamficha mwanao kokote!"

Gesi alifumba macho. Daktari alifungua mdomo, na huyo alikuwa mtu aliyezoea midomo ya wengine ndiyo ifunguke.

Mama alimpa Sindano pochi. Alikwenda kwenye benchi, akauchukua mto, akaukung'uta vumbi. Akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa dereva, akauweka mto kitini, akainua gauni kidogo na kuingia. Akaufunga mlango. Magoti yakapita chini ya usukani bila kugusa, miguu ikakaa juu ya vikanyagio, mikono ikashika usukani pale inapotakiwa kushikwa, na macho yakatokea juu ya boneti sawasawa. Kiti kile kilimkaa kama kilemba chake.

Gesi alifumbua macho. Hata mnyororo uliokuwa ukining'inia ulionekana umeacha kucheza.

"Breki ni ipi kati ya hivi?" Mama aliuliza kupitia dirishani.

"Cha katikati, Mama," Kipimo alisema.

"Aa. Basi mimi nilikanyaga hiki cha pembeni." Akatazama mbele, kwa heshima zake zote. "Geti lilikuwa letu. Nilikuwa narudi nyumbani, nikaona pazia la jirani linacheza, nikasema wataniona. Nikataka kusimama. Gari likakimbia."

"Ni kosa langu," Daktari alisema haraka. "Mimi ndiye niliyemwambia yuko tayari. Na mbwa pia ni wangu. Yaani, uongo wa mbwa."

"Wewe nyamaza, umeshasema vya kutosha siku ile," Mama alisema, lakini alisema kwa namna ambayo Kipimo hakuwahi kuisikia kwake, namna ya chini, laini, yenye kicheko kilichofichwa shavuni. Na Daktari akanyamaza akitabasamu, na katika tabasamu lile Kipimo akaliona jino. Lile jino la miadi yote. Mungu wangu, jino!

"Nimewazalisha wanawake wa mtaa huu," Mama aliendelea, "na kila mmoja nimempa mawaidha kuhusu wanaume. Halafu mimi, na umri huu, nionekane nafundishwa gari na mjane mwenzangu, ndani ya kitu cha viti viwili chenye kunguruma? Nikamwambia binti yangu: ukifungua mdomo, si mwanangu. Akafunga. Jana alikuja kwangu analia, akasema, Mama, siri yako inanigharimu mume." Akafungua mlango, akashuka, akamtazama Kipimo juu mpaka chini. "Ungeweza kuuziba ule ufa ukatupa gari letu. Daktari ameniambia ulivyompigia simu. Nilikuwa nangoja kukujua wewe ni mtu gani, baba. Nimejua. Kwa upande wangu jibu ni ndiyo, uje na mafuta yako ya taa. Kwa upande wa mwenyewe, muulize mwenyewe. Mimi simsemei, hata mimi ananisemesha kwa shida tangu jana."

Kipimo alimgeukia Sindano. Alikuwa amesimama na pochi ya mama yake, uso umetulia, na utulivu ule ulitisha kuliko kelele.

"Sindano..."

"Naam."

"Na pazia? Angalau la pazia niambie."

"Kitambaa kilibaki. Kipande kimoja nikamshonea Mama mto." Alinyoosha kidole. "Kingine umekivaa."

Kipimo akakunja kiwiko. Ndani ya kiraka, pale penye mkunjo pasipoonekana na watu, kitambaa cha kijani kilikuwa kimewekwa bitana ili kisimkwaruze, na kona zimefungwa kwa miguu ya ndege.

Gesi akakohoa, akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo upande wa pili wa karakana. Mama akamshika Daktari mkono wakaenda kutazama ufa, wote wawili wameinama kwa namna ya watu wanaosikiliza.

"Nisamehe," Kipimo alisema. "Nimekukosea, najua. Lakini na wewe nihurumie. Kila kitu kilikuelekea wewe! Kiti cha kimo chako, mto wa mkono wako, yule na kidole chake mdomoni. Hata jaji angefunga kesi. Wivu wenyewe si kwa sababu nakupenda? Sema kweli, Sindano. Ungekuwa wewe, umekuta mto wangu ndani ya gari la mwanamke mwingine, ungefanya nini?"

Sindano alimsogelea. Akamkunjulia ile mikono ya ovaroli iliyokunjamana, moja, kisha nyingine, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Ningekuuliza kama ni wewe," alisema. "Ungesema hapana. Nami ningerudi kwenye cherehani yangu."